Wasomaji wanauliza: tuasili mtoto wa huku au wa nyumbani?

*Barua za mwezi huu zilizohusu kuasili zilikuwa nyingi, na karibu zote zina swali moja ndani yake. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na wakili wa mashauri ya familia akishirikiana na afisa ustawi wa jamii.*

Mimi na mume wangu tuko Columbus, Ohio, mwaka wa 14 sasa, na wote tumeshachukua uraia wa Marekani. Mungu hakutujalia mtoto. Mume anataka tumfuate mtoto kwenye makao ya watoto huko kwao Mwanza. Mimi naona tuanzie hapahapa kwenye kaunti. Fedha zipo kiasi. Tushike njia ipi?
*Mama mtarajiwa, Ohio*

Dada, kabla ya kuulizana mtoto atoke wapi, wekeni pasipoti zenu mezani. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku mlipokula kiapo cha Marekani mligeuka wageni mbele ya sheria ya nyumbani, hata kama shamba la baba bado lipo Ukerewe. Hadhi maalumu ya diaspora inayozungumzwa miaka hii si uraia.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, ina masharti yake kwa asiye raia. Awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Awe amemlea mtoto huyohuyo kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya jicho la afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya jinai popote. Alete mapendekezo ya mamlaka ya ustawi ya huko anakoishi, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili na kumpa mtoto haki ya kukaa. Juu ya hayo yote, ionekane kwamba mtoto amekosa familia ya kumlea vizuri ndani ya Tanzania. Likizo ya Desemba ya wiki tatu haihesabiki. Wengi hukwama hapa, tena baada ya kutangulia kumzoea mtoto, kumnunulia nguo na kumwahidi ndege.

Upande wa Marekani nako kuna mlango wake. Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, kwa hiyo mtatumia fomu I-600A kuomba kibali chenu kama wazazi, kisha I-600 kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Tangu Aprili 2024 ada ya I-600A ni dola 920. Inatanguliwa na tathmini ya nyumbani, na ripoti yake isiwe imepita miezi 6 siku mnapoiwasilisha. Kibali kikitoka kinadumu miezi 15. Sasa pigeni hesabu: miezi 15 upande mmoja, miaka 3 ya ukaazi upande mwingine. Anayeomba kibali kabla hajahamia Tanzania atakiona kikimwishia mkononi. Anayetaka njia hii kweli ahame kwanza na kibali halali cha ukaazi, aishi, ndipo aombe mwaka wa tatu ukielekea mwisho.

Halafu kuna neno “yatima”. Kwa uhamiaji wa Marekani, yatima ni mtoto ambaye wazazi wote wamefariki, wametoweka au wamemtelekeza, au aliyebakiwa na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza, na mzazi huyo amemwachia kwa maandishi yasiyoweza kutenguliwa ili aasiliwe na kuhama nchi. Watoto wengi wa makaoni wana baba au mama aliye hai, aliyewaleta kwa sababu ya umaskini au ugonjwa, na bado huja kuwaona sikukuu. Kibao cha “kituo cha yatima” getini hakimfanyi mtoto kuwa yatima kwenye faili la ubalozi. Mama na baba wote wakiwapo na wakijulikana walipo, ombi litakataliwa hata kama mahakama ya Tanzania imeshatoa amri. Masharti ya viza nayo siku hizi hubadilishwa kwa tangazo la rais. Thibitisheni yanavyosimama wiki ile mnayotaka kulipa ada, msitegemee aliyefanikiwa miaka mitano iliyopita.

Hata kwa Wamarekani kwa jumla njia ya nje imesinyaa. Mwaka 2004 waliingiza karibu watoto 23,000. Mwaka 2023 hawakufika 1,300. Ethiopia ilifunga mwaka 2018, China ikafunga 2024.

Ohio kwenyewe mna njia mbili, nazo zinatofautiana sana.

Ya kwanza ni kupitia kaunti: fosta, kama wenyewe wanavyoiita. Gharama yake ni ndogo au hakuna kabisa, na mtoto aliyekaa katika malezi ya serikali mara nyingi huendelea kupata bima ya afya na posho hata baada ya kuasiliwa. Nchi nzima kuna watoto zaidi ya 300,000 katika malezi hayo, na takriban 50,000 huasiliwa kila mwaka. Ila jueni mnachoingia. Kazi ya kwanza ya fosta ni kumrudisha mtoto kwa mama yake. Mtampeleka kumwona mzazi kila wiki, mtamrudisha akilia, na mnaweza kumlea mwaka mzima kisha akaondoka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 inaitaka serikali ifungue shauri la kukatisha haki za wazazi mtoto akishakaa nje ya kwao miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, lakini ina mianya, hasa mtoto akiwa kwa ndugu. Msiouweza mzigo huo waambieni kaunti wazi kwamba mnataka watoto ambao haki za wazazi zimeshakatishwa. Wapo. Wengi wao ni wa umri wa shule, au ndugu wawili watatu wasiotakiwa kutenganishwa.

Ukaguzi wa nyumba hauogopeshi kama watu wanavyosimulia. Wanaangalia kitanda cha mtoto peke yake, king’ora cha moshi, dawa zilizofungiwa, kipato kinachotosha. Kinachowaangusha watu wetu ni wageni. Kila mtu mzima anayeishi humo huchukuliwa alama za vidole, pamoja na shangazi aliyekuja “kwa miezi sita tu” na binamu anayelala basementi akisubiri makaratasi. Asiyekubali kuchukuliwa alama ahame kabla maombi hayajaanza. Kumficha ndiyo njia ya haraka ya kunyimwa leseni.

Ya pili ni wakala binafsi, kwa mtoto mchanga. Hapa huzungumzi chini ya dola 25,000, na si ajabu ikafika 45,000. Mama mjamzito ndiye anayechagua familia kwa kusoma albamu yenu, na Ohio hawezi kusaini ridhaa kabla ya saa 72 tangu kujifungua. Akibadili mawazo ndani ya saa hizo, mtoto ni wake, na sehemu kubwa ya fedha mliyokwisha kulipa hairudi. Nafuu ya kodi ya shirikisho kwa walioasili ilikuwa hadi dola 17,280 mwaka 2025, lakini inakuja baadaye. Kwanza mnatoa mfukoni.

Ushauri wetu ni kaunti, isipokuwa mmoja wenu awe na kazi ya kumkalisha Tanzania miaka mitatu. Kama kiu ya mume ni mtoto wa kuzungumza naye Kiswahili, katika baadhi ya majimbo kuna mpango wa malezi kwa watoto wakimbizi wasio na wazazi, wakiwamo vijana wa Kongo waliokulia kambini na Kiswahili mdomoni. Hao hulelewa hadi utu uzima. Huwa hawaasiliwi, kwani mzazi anaweza kuonekana wakati wowote. Tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025 wanaofika ni wachache mno, lakini waliokwisha kuingia bado wanahitaji nyumba.

Mimi ni Mkenya, mume wangu ni Mjerumani, tunaishi Hamburg. Kwa kuwa bado nina pasipoti ya Kenya, naweza kuasili Mombasa kama raia wa kawaida kisha nikaja na mtoto?
*Binti wa Likoni*

Hapana. Kenya iliingia katika Mkataba wa Hague mwaka 2007, na mkataba huo hautazami pasipoti ya mlezi, unatazama anaishi wapi. Wewe makazi yako ni Hamburg, mtoto makazi yake ni Mombasa, basi hiyo ni kuasili baina ya nchi. Na mlango huo Kenya iliufunga: baraza la mawaziri lilisimamisha Novemba 2014 baada ya hofu ya biashara ya watoto, na mwaka 2019 likaagiza wageni wasiasili tena. Ujerumani nayo, tangu Aprili 2021, hairuhusu mtu kujiendea mwenyewe nchi ya nje akaasili bila kupitia wakala aliyeidhinishwa. Anayekwambia “kuna mwanasheria anajua njia” anauza tikiti ya meli iliyokwisha kung’oa nanga. Nenda Jugendamt, yaani ofisi ya ustawi wa watoto na vijana, ya mtaa wenu; huduma ya kuasili ndani ya nchi haina malipo. Uliza pia kuhusu malezi ya kudumu, kwa sababu watoto wachanga wa kuasiliwa ni wachache kuliko wazazi wanaosubiri.

Marehemu mdogo wangu ameacha mtoto wa miaka 9, anaishi na bibi yake Tanga. Baba wa mtoto hajulikani alipo tangu mtoto yuko tumboni. Mimi niko Birmingham, nina ukaazi wa kudumu, pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Ndugu wanashauri nimkatie cheti cha kuzaliwa kwa jina langu kama nimemzaa mimi, iwe rahisi. Mnasemaje?
*Mama mkubwa, Birmingham*

Cheti hicho usikikate. Mtoto wa miaka 9 tayari ana kadi ya kliniki, jina kwenye rejesta ya shule na pengine cheti cha awali, na vyote vina jina la mama mwingine. Afisa viza akiona majina haya mawili yanagongana ataomba maelezo. Udanganyifu ukithibitika, ombi litakataliwa, na atakayeumia ni mtoto.

Una njia mbili halali, na watu huzichanganya.

Kuasili: kwa kuwa bado ni raia, sharti la miaka 3 ya wageni halikugusi. Sheria ya Tanzania ina masharti yake ya umri kwa anayeasili. Lakini kwa Uingereza wewe ni mkaazi wake, na mkaazi anayemwingiza mtoto kutoka nje kwa nia ya kumwasili bila kutathminiwa kwanza anatenda kosa la jinai chini ya sheria ya 2002, kifungo hadi miezi 12. Undugu haukuondoi kwenye sharti hilo. Unaanza kwa halmashauri yako au wakala aliyesajiliwa: tathmini ya miezi kadhaa kwa gharama ya maelfu ya pauni, kisha wizara ya elimu ya Uingereza inashughulikia faili kwa ada ya pauni 2,500 na kutoa cheti cha kustahiki. Ndipo Tanga wanaanza.

Kujiunga na ndugu: kanuni za uhamiaji, aya ya 297, zinamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuja kwa ndugu mwenye ukaazi wa kudumu, ikiwa kuna sababu nzito za kifamilia zinazofanya kumwacha kusiwe sawa, na ikiwa una nyumba ya kutosha na kipato bila kutegemea misaada ya serikali. Njia hii haibadilishi wazazi wake wala jina lake. Kwa hali yako ndiyo tungeichunguza kwanza. Umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu nzito; bibi kuugua, kuzeeka kiasi cha kushindwa kulea, au mtoto kukosa usalama, hizo zina uzito. Kusanya cheti cha kifo cha mama, vyeti vya hospitali vya bibi, barua ya mkuu wa shule, barua ya serikali ya mtaa na risiti za fedha ulizotuma. Risiti za miaka mitatu zina nguvu kuliko kiapo cha kurasa tano.

Kuhusu baba: “hajulikani alipo” ni neno linalohitaji ushahidi. Mtafuteni kwa ndugu zake, tangazeni gazetini, mwenyekiti wa mtaa aandike. Mahakama inaweza kuachana na ridhaa ya mzazi aliyetoweka, lakini jaji atauliza mlimtafuta vipi na lini. Wababa wa aina hii wana tabia ya kujitokeza mara wasikiapo neno “Ulaya”.

Na mtoto ameulizwa? Miaka 9 ni mtu mwenye rafiki na bibi yake.

Tuko Morogoro, ndoa ya miaka 8. Nesi tunayemfahamu anasema wodini kuna mama anataka kumwacha mtoto wake, tumpe “asante” ya laki tano tumchukue kimyakimya. Au tufuate taratibu? Tunaambiwa ni ndefu mno.
*Wazazi watarajiwa*

Laki tano hiyo itamfanya mtoto awe kesi. Sheria inakataza malipo yoyote kwa ajili ya kumpata mtoto wa kuasili. Mama akirudi baada ya miezi mitatu na askari, na hurudi, hamtakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba hamkumwiba.

Njia yenyewe iko hivi. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na barua ya maombi, cheti cha ndoa, vyeti vyenu vya kuzaliwa, uthibitisho wa kipato na makazi, ripoti ya afya, barua za wadhamini. Atakuja nyumbani, mara nyingi bila kuaga sana, ataongea na majirani na kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Mkipita mnaingia kwenye orodha. Mtoto akipatikana hukabidhiwa kwenu kwanza kwa malezi ya kambo, huku afisa akija kukagua. Baada ya hapo wakili anapeleka maombi Mahakama Kuu. Inateuliwa mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto mahakamani, shauri linasikilizwa faragha, amri inatolewa. Amri hiyo inapelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mtoto anaingizwa kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa na cheti kipya kinatoka. Kuanzia hapo ni mwenenu kwa jina na kwa mirathi, na haki za wazazi wa damu zimekoma.

Inapochelewa ni mahali pawili. Mtoto aliyeokotwa lazima awe na taarifa ya polisi na ushahidi kwamba ndugu walitafutwa. Vituo vingine havikufungua hata RB (namba ya taarifa ya polisi) siku alipoletwa, na kuirudishia nyuma ni miezi. Pa pili ni nyie wenyewe: wanaoandika “mtoto wa kike, chini ya miezi sita, mweupe, mwenye afya kamili” husubiri sana kuliko wanaokubali mvulana wa miaka mitatu.

Kama huyo mama yupo kweli, mpelekeni kwa afisa ustawi wa hospitali hiyohiyo. Akithibitisha uamuzi wake mbele ya afisa, ridhaa yake itakuwa halali. Mtoto anaweza kuwekwa kwa familia ya kuaminika wakati mambo yakiendelea, na mnaweza kuomba kuwa nyie.

Sisi ni Waislamu wa Unguja. Tumepewa nafasi ya kulea mtoto wa kike wa miezi minne aliyeachwa hospitali. Kaka yangu aliye Uholanzi anasema tumwasili “kizungu” ili baadaye aweze kumchukua yeye. Inafaa?
*Bi. Mkubwa, Unguja*

Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Watoto Na. 6 ya 2011, nayo inaitambua kafala. Kafala inakupa ulezi kamili: kumlisha, kumsomesha, kumtibu, kusimama badala yake. Jina la ukoo halibadiliki, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Ahzab, na mtoto hatakurithi. Unachoweza kumwachia ni wasia usiozidi theluthi ya mali. Uandike ukiwa na afya, mbele ya mashahidi, kwa sababu warithi wenye tabasamu leo si walewale wa siku ya kugawana.

Mpango wa kaka haufai. Kafala haimkati mtoto na wazazi wake wa damu, na kwa hiyo nchi nyingi za Ulaya haziihesabu kuwa kuasili. Uholanzi nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba inafunga kuasili kutoka nje hatua kwa hatua. Mtoto akipokewa kwenu, apokewe awe wa kwenu.

Suala la umahramu, yaani udugu unaozuia kuoana na kuondoa haja ya kujistiri, mlitazame mapema, kwani umri wake bado unaruhusu. Kwa madhehebu ya Shafi, manyonyo matano yaliyotengana, kabla ya kutimiza miaka miwili kwa hesabu ya mwezi, yanatosha kuleta udugu wa ziwa. Kwa kuwa ni msichana, anayefaa kumnyonyesha ni dada wa mumeo mwenye mtoto mchanga. Hapo mumeo anakuwa mjomba wake wa ziwa na nyumba haina tena wa kujistiri. Angekuwa mvulana, tungesema dada yako wewe. Kabla ya kunyonyesha, mama na mtoto wote wapimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Wekeni kumbukumbu ya tarehe na majina ya walioshuhudia, kwa sababu siku ya posa, miaka ishirini ijayo, sheha na kadhi watauliza ni nani waliochangia ziwa naye.